Karani Aliyebakiwa na Miezi Sita

Ukiwauliza vijana wetu wa Uvira wanajua nini juu ya sinema za Kijapani, watakujibu upesi: karate, panga refu, na mtu mmoja awashindaye ishirini. Katika vibanda vya video, tangu Kavimvira hata Kalundu, hayo ndiyo yaletayo watu, na mengi ya hayo si ya Kijapani hata kidogo, bali yametoka Hong Kong. Siwalaumu vijana. Mtu hula alichopakuliwa. Lakini yafaa wajue kwamba Japani ilimzaa mtu mmoja ambaye watengeneza sinema wa Marekani na wa Ulaya wamemwita mwalimu wao, na kwamba sinema yake iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu mimi, haina upanga hata mmoja. Ni habari ya karani wa serikali aliyekaa nyuma ya meza yake.

Mtu huyo ni Akira Kurosawa. Alizaliwa Tokyo tarehe 23 Machi 1910, kitinda mimba katika nyumba ya watoto wanane, akafariki mwaka 1998. Ujanani alitaka kuwa mchoraji. Aliyemfungulia mlango wa sinema ni kaka yake, Heigo, na kazi ya kaka huyo sisi twaifahamu. Zamani sinema zilikuwa bubu, na huko Japani kila nyumba ya sinema ilikuwa na msimulizi wake, aliyesimama kando ya kitambaa cheupe akieleza hadithi na kuwasemea watu wa kwenye picha, mara kwa sauti ya mzee, mara kwa sauti ya binti. Wakati wa Wabelgiji, katika viwanja vya misioni zetu, alikuwako pia mtu wa namna hiyo, akiwafasiria watu maneno ya Wazungu. Hata leo, Dar es Salaam na Kampala, wako wasimulizi waipatao riziki yao kwa kazi iyo hiyo. Basi, sinema zilipoanza kusema zenyewe, Heigo alipoteza kazi, na mwaka 1933 akafa angali kijana. Ndugu yake mdogo aliingia katika kampuni ya sinema mwaka 1936 kama msaidizi, akatoa sinema yake ya kwanza mwaka 1943, na hata kufika mwaka 1993 alikuwa ametimiza thelathini.

Sitazieleza zote. Iko Rashomon ya mwaka 1950, ambamo mtu ameuawa msituni, na kila shahidi asimulia kisa kile kile kwa namna ya kujipamba mwenyewe, hata marehemu kwa kinywa cha mganga. Hiyo ndiyo iliyopata tuzo kuu ya Venice mwaka 1951 na kuwafumbua Wazungu macho. Iko Samurai Saba ya mwaka 1954, habari ya wakulima maskini wawaajirio askari kwa ujira wa wali tu, wapate kuvuna bila kunyang'anywa. Wamarekani waliigeuza kuwa sinema ya wachunga ng'ombe mwaka 1960. Ndugu zetu wa bonde la Ruzizi, wajuao maana ya kulima bila kujua ni nani atakayekula, hawatahitaji mfasiri kwa hiyo. Lakini leo nataka kusema juu ya moja, ile ya mwaka 1952. Kwa Kijapani yaitwa Ikiru, maana yake Kuishi. Kwa Kifaransa utaipata kwa jina la Vivre.

Sinema yaanza kwa picha ya eksirei ya tumbo la mtu. Sauti yatuambia kwamba tumbo hilo lina saratani, na mwenyewe hajui bado. Kisha twaonyeshwa mwenyewe: Bwana Watanabe, mkuu wa idara ya malalamiko ya raia katika ofisi ya mji, mzee mwembamba, mgongo umepinda, agonga muhuri juu ya karatasi, aiweka kando, achukua nyingine. Amefanya hivyo miaka 30, karibu bila kukosa hata siku moja. Sauti yasema, bila huruma, kwamba mtu huyu hasa hayu hai. Amekwisha kufa siku nyingi, ila hajazikwa.

Wakati huo huo akina mama wa mtaa mmoja wafika dirishani. Mtaani mwao kuna dimbwi la maji machafu, lanuka, lazaa mbu, watoto wapata vipele. Waomba lifukiwe, na mahali pake pafanywe uwanja wa watoto kuchezea. Karani awaambia: nendeni idara ya kazi za ujenzi. Ujenzi wawaambia: hili ni la idara ya bustani. Bustani wawapeleka kwa afya, afya kwa usafi, usafi kwa watu wa mbu, watu wa mbu kwa watu wa mifereji, kisha barabara, kisha wazima moto, kisha elimu, kisha diwani, kisha naibu wa meya mwenyewe, ambaye anawapokea kwa tabasamu kubwa na kuwaelekeza, kwa heshima zote, kwenye dirisha lile la kwanza. Ofisi zaidi ya kumi, na Kurosawa azipitisha mbele yetu kwa dakika chache tu, karani baada ya karani. Kila mmoja atutazama sisi usoni, kana kwamba sisi ndio tuliobeba ile barua ya malalamiko.

Msomaji wa Uvira atacheka hapo, kisha ataacha kucheka. Nani kati yetu hajaambiwa katika biro fulani, "Rudi kesho, mwenye muhuri hayupo"? Na dimbwi la maji machafu si jambo la Kijapani. Mji wetu wajulikana na waganga wa mbali kwa sababu ya kipindupindu, ugonjwa ambao kwa miaka mingi haujatutoka kabisa, maana wengi huchota maji ziwani na mitoni pale pale yanapoingia machafu. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika usiku, watu wetu wengi walikufa, nyumba kwa maelfu zikabomoka, na mtambo wa kusafisha maji, unaokunywa kutoka mto huo huo, ukaharibika. Siku zile mama wa Kasenga aliyepanga foleni na bidoni yake tangu alfajiri alikuwa dada wa wale akina mama wa Tokyo. Ndiyo maana nasema sinema hii, ijapokuwa imetoka mbali na ina miaka zaidi ya 70, kwetu haihitaji maelezo mengi.

Turudi kwa mzee wetu. Tumbo lamwuma, aenda hospitali. Katika chumba cha kungojea mgonjwa mmoja mwenye maneno mengi amwelezea jinsi waganga wanavyosema uongo: wakikuambia ni kidonda kidogo tu cha tumbo, huna haja ya kupasuliwa, kula upendacho, basi ujue ni saratani, na siku zako zimehesabika. Watanabe aingia kwa mganga. Mganga amwambia maneno yale yale, moja baada ya jingine. Kurosawa hapigi ngoma wala hapigi kinanda hapo. Mzee atoka barabarani, na sinema yote yanyamaza, hatusikii hata nyayo zake, mpaka gari kubwa lipitapo karibu kumponda na kelele zote za mji zamwangukia mara moja. Aliyewahi kupokea habari mbaya ajua kwamba ndivyo ilivyo.

Nyumbani pana mwanawe wa pekee, Mitsuo, na mkewe. Mama wa kijana alikufa zamani, na Watanabe hakuoa tena, ili mtoto asipate taabu kwa mama wa kambo. Usiku ule mzee akaa gizani katika chumba cha vijana wale, amngojea mwanawe apate kumwambia. Wao waingia bila kujua kwamba yumo, na wanazungumza juu ya fedha za uzeeni za baba, kwamba zitatosha kujenga nyumba ya kisasa. Mzee ainuka, ashuka ngazi, asiseme neno. Wala hatasema hata siku ya kufa kwake. Wazazi wenye watoto Bukavu, Lubumbashi na Ulaya wataitazama sehemu hii kwa moyo mzito; na watoto pia, nadhani, kama wana moyo.

Baadaye mzee atoa fedha zake benki, na mwandishi mmoja wa hadithi aliyekutana naye katika kilabu amzungusha usiku kucha katika nyumba za pombe na za ngoma, ati amfundishe kuishi. Sehemu hii ni ndefu. Mimi ningaliifupisha, na wazazi wajue kwamba haiwafai watoto wadogo. Hata hivyo ina kitu kimoja ambacho hutakisahau: katikati ya kelele zile mzee aomba wimbo wa zamani, auimba mwenyewe polepole, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta, na watu wa kilabu wanamwepuka mmoja mmoja. Mchezaji wa sehemu hiyo ni Takashi Shimura. Mwangalieni macho. Miaka miwili baadaye alikuwa jemadari shujaa wa wale samurai saba, na ukiziona sinema zote mbili hutasadiki kwamba ni mtu mmoja.

Anayemfungua macho si mwandishi, wala si mganga. Ni msichana wa ofisini mwake, Toyo, aliyeacha kazi ya serikali kwa sababu ilimchosha, akaenda kiwandani kutengeneza sungura wadogo wa kuchezea. Mzee amfuata-fuata mpaka binti anaogopa. Amwuliza: wewe wapata wapi furaha hii? Binti hajui la kujibu. Amwonyesha sungura wake tu, amweka mezani arukeruke, asema kwamba tangu alipoanza kuwatengeneza ajiona kama rafiki wa kila mtoto wa Japani. Wewe nawe, asema, kwa nini usitengeneze kitu? Mzee ajibu kwamba amechelewa. Kisha anyamaza, afikiri, na uso wake wageuka: hapana, hajachelewa, hata pale ofisini kuna jambo liwezalo kufanywa. Anyakua yule sungura, ashuka ngazi mbio. Pale pale vijana wengine wamwimbia mwenzao wimbo wa siku ya kuzaliwa, naye binti huyo apanda ngazi wakati mzee anashuka. Wimbo haukuimbwa kwa ajili ya Watanabe, lakini mtazamaji aelewa ni nani aliyezaliwa.

Kesho yake aichimbua ile barua ya akina mama kutoka chini ya rundo, achukua kofia, atoka kwenda kulitazama dimbwi kwa macho yake, mvua ikinyesha.

Na hapo Kurosawa afanya jambo ambalo mtengeneza sinema mwingine asingalithubutu. Tungetazamia sasa kuona mapambano ya mzee hatua kwa hatua, na mwishoni ngoma ya kufungua uwanja. La hasha. Ile sauti ya mwanzo yarudi, yasema kwa ufupi: miezi mitano baadaye mtu wetu akafa. Twaonyeshwa picha yake juu ya meza ya ubani, na watu wa ofisi wamekaa matangani. Sinema yapita saa mbili, na karibu theluthi yake yote iliyobaki ni matanga hayo.

Wako wanaosema kwamba sehemu hii ni ndefu kupita kiasi. Siafikiani nao hata kidogo. Kwangu ndiyo kiini cha kazi yote, na sisi tujuao kukesha matangani tungeielewa kuliko Wazungu. Kwanza wakubwa wanaongea. Naibu wa meya aeleza kwa utaratibu kwamba uwanja ule si kazi ya marehemu. Ni kazi ya idara ya bustani, na ya wakubwa, na yake yeye. Wadogo wote wanaitikia: naam, ndivyo. Kisha akina mama wa ule mtaa waingia, hawasemi neno, wafukiza ubani na kulia kwa uchungu mbele ya picha. Wakubwa watazama chini. Baada ya muda mfupi wakumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine, waondoka. Wabaki makarani, na pombe yazunguka, na sasa kila mmoja akumbuka kipande kidogo: jinsi mzee alivyokaa mlangoni pa kila idara akiinamisha kichwa mpaka wakaona haya, jinsi wahuni waliotaka mahali pale kwa kilabu cha pombe walivyomtishia kumwua, naye akawatazama tu kwa uso mtulivu, maana mtu aliyekwisha hukumiwa atatishwa na nini, jinsi alivyosimama siku moja jioni kutazama jua likizama, akashangaa kwamba kwa miaka 30 hakuliona, kisha akaenda zake haraka kwa kuwa hakuwa na wakati. Hivyo ndivyo tunavyoyajua matendo yake, kwa vinywa vya watu wasiomsaidia alipokuwa hai.

Askari wa doria aleta kofia ya marehemu. Yeye ndiye aliyemwona usiku wa mwisho uwanjani, theluji ikianguka, amekaa juu ya bembea ya watoto, ajisukuma polepole na kuuimba ule wimbo wake wa zamani, safari hii kwa furaha. Askari alidhani ni mlevi, akamwacha.

Makarani wanalia sasa. Waapa kwa sauti kubwa kwamba kifo hiki hakitapotea bure, kwamba tangu kesho watafanya kazi kama Watanabe. Kesho yafika. Raia aja dirishani na taabu yake ya maji machafu, na mkuu mpya wa idara, yule yule aliyelia sana usiku, amwelekeza kwenye idara nyingine. Karani mmoja tu, jina lake Kimura, asimama kwa hasira mpaka kiti chaanguka. Wote wamtazama. Akaa tena polepole, na rundo la karatasi lamfunika uso.

Nimesikia watu wakiuliza: je, mtengeneza sinema huyo amekata tamaa? Hapa yafaa tumtazame vizuri, kwa kuwa ndipo namsifu zaidi. Angependa kutudanganya angaliweza kwa urahisi: makarani wote wangegeuka, na sisi tungeenda kulala tumefurahi. Hakufanya hivyo. Ametuonyesha mambo mawili ya kweli yanayokaa pamoja kila siku. Ofisi haikubadilika. Na uwanja upo, watoto wanabembea. Watanabe hakuwa mtu mkubwa, hakuanzisha chama, hakuandika katika gazeti. Alikuwa na muhuri tu, na dimbwi moja. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tuna muhuri wa namna fulani: mwalimu ana kalamu nyekundu, muuguzi ana kitabu cha wagonjwa, mpima ndagala sokoni ana mizani. Katika sinema hii hakuna padre wala kanisa, wala hatumwoni mzee akisali. Lakini yule aliyefundishwa katekisimu tangu utotoni juu ya siku ya mwisho atasikia habari anayoijua, imesemwa na mtu aliyetoka mlango mwingine.

Wala si mimi peke yangu mtu wa Kanisa ninayempenda Kurosawa. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya sinema 45 zilizo bora, na mojawapo ni Dersu Uzala, aliyoitengeneza Urusi mwaka 1975, habari ya mwindaji mzee wa msituni na mpima ardhi mmoja. Na mwaka 2022 Ikiru ilitengenezwa upya Uingereza kwa jina la Living, ikiandikwa na Kazuo Ishiguro, Mwingereza mzaliwa wa Japani, na kuongozwa na Mwafrika wa Kusini, Oliver Hermanus. Hiyo ni nzuri, ni safi, ina rangi. Lakini yapendeza kupita kiasi. Ile ya zamani yakwaruza.

Mwishoni, kwa walimu na viongozi wa vikundi wapendao kuionyesha katika ukumbi wa parokia. Sinema yachukua karibu saa mbili na nusu. Ni nyeusi na nyeupe. Maneno ni ya Kijapani, na maandishi ya Kifaransa hupita chini ya picha. Kwa hiyo wazee wasiosoma watahitaji mtu wa kuwasimulia kwa Kiswahili, kama yule kaka Heigo alivyofanya; mchagueni mwenye sauti nzuri, na aitazame mara mbili kabla ya siku yenyewe. Yawafaa vijana tangu miaka 14. Kazimisheni jenereta baada ya nusu ya kwanza ili watu wanyooshe miguu, kwa kuwa matanga yale hayapendi kukatwa katikati. Na Kimura akiisha kukaa nyuma ya rundo lake, watu wataanza kuinuka wakidhani yamekwisha. Msiwashe taa bado: jioni ile, akirudi nyumbani, anapita juu ya daraja na kusimama kidogo, na chini yake akina mama wanawaita watoto waache bembea waende kula.